Sauti ya laptop imefika 100 na bado haisikiki

Kaka wa Ujiji, kama mvua inapiga bati na muvi haisikiki hata sauti ikiwa 100, VLC (programu ya kuchezea video) inaweza kupita hapo. Kawaida inaishia asilimia 125. Bonyeza Ctrl+P, chini kushoto chagua "All", kisha "Interface", "Main interfaces", "Qt". Tafuta "Maximum Volume displayed", andika 200, bonyeza "Save", funga programu uifungue tena.

Ila usikimbilie hiyo 200. Programu inazidisha namba tu, spika ni zilezile ndogo. Kilele cha wimbi la sauti kikizidi kiwango kinakatwa, ndipo besi inalia kama debe tupu. Anzia 130, panda taratibu, ukisikia mkwaruzo rudi nyuma.

Kama maongezi ya muvi yako chini huku milipuko inapasua masikio, dawa si kupandisha. Ctrl+E, upande wa sauti, fungua "Compressor" na uiwashe kwa tiki: inabana makelele, kisha "Makeup gain" inainua vyote. Mara nyingi hii inatosha.

Kama ni kwa kibanda cha kuonyesha mpira pale Kibirizi, nunua tu spika ya nje.