Mke amekataa kutia saini mkopo wa nyumba ya kupangisha

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mume wa miaka 41, nafanya kazi bandarini Mombasa na naishi na familia Mtwapa. Nimepata nyumba ya Kiswahili Majengo, vyumba sita na maduka mawili mbele, kwa milioni 3.8. Wapangaji ni wa zamani. Chumba wanalipa 2,000, duka 8,000. Duka moja ni la fundi cherehani aliyerithi kutoka kwa babake. Nikiichukua nitapandisha chumba hadi 5,000 na duka hadi 20,000, asiyeweza ahame. Benki imekubali kunikopesha milioni 3.5 kwa riba ya asilimia 15, miaka kumi, ila inataka hati ya nyumba yangu ya Mtwapa tuliyojenga 2014, na saini ya mke. Mke amekataa katakata mpaka aone karatasi za kiwanja, ilhali muuzaji ameshanieleza kuwa kodi ya ardhi hulipwa kila mwaka na hakuna tatizo. Tangu aone meseji ya benki ya laki tatu nilizotoa arabuni, hatusemezani. Najua mamake ndiye anayemtia maneno, maana alipanga Majengo miaka mingi na huwatetea wapangaji. Nimfanyeje mke asiyetaka maendeleo?
Baba Wawili, Mtwapa

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kununiana. Watoto wanaumia na kimya cha wazazi hata wasiposema. Pole yangu inaishia hapo. Mkeo ana haki, na nyumba hiyo usiinunue.

Kuna jambo umelipita mbio. Mtu akinunua nyumba kwa mkopo, kwa kawaida nyumba hiyo hiyo ndiyo huwa dhamana. Kwa nini benki imeiruka ya Majengo ikaja kushika ya Mtwapa? Jibu umeliandika mwenyewe: kodi ya ardhi hulipwa kila mwaka. Analipwa nani? Mombasa tuna desturi ya tangu enzi za wakoloni, ardhi ya huyu na nyumba iliyo juu yake ya yule. Majengo imejaa nyumba za namna hiyo. Mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja, na hati ya ardhi hana. Kwa hiyo unauziwa kuta na mabati kwa milioni 3.8. Mwenye ardhi akifa na warithi wakaamua kuuza, au akapata tajiri wa kujenga ghorofa, wewe utakuwa unabembeleza fidia huku benki inakudai nyumba ya Mtwapa. Benki imeliona hilo. Mkeo ameliona. Wewe umeambiwa na muuzaji kuwa hakuna tatizo, ukaridhika.

Tuje kwa wapangaji. "Asiyeweza ahame" ni maneno mepesi kwenye barua, lakini Kenya kuna Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya sheria hiyo. Kiwango hicho ni cha zamani sana na watu wengi wanadhani sheria imekufa, kwa sababu siku hizi ni vigumu kupata chumba cha bei hiyo. Wewe umevipata sita! Kila mmoja wa wapangaji wako wa 2,000 amekaa ndani ya sheria. Huwezi kumpandishia kodi kwa kumwambia tu mlangoni, wala kumtoa bila amri ya baraza la kodi za nyumba. Na kama ulikuwa unawaza kubadilisha kufuli, kukata maji au kung'oa mabati ili wachoke waondoke wenyewe, jua kuwa kumtesa mpangaji ili ahame ni kosa la jinai.

Maduka nayo yana sheria yake, Sura ya 301. Fundi cherehani aliyerithi duka kwa babake nadhani hana mkataba wa maandishi, na kwa kutokuwa nao ndivyo alivyolindwa zaidi. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, analindwa. Ukitaka kumwongezea kodi, lazima umpe notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria, si chini ya miezi miwili. Yeye akienda kwenye baraza la kodi za maduka kabla muda huo haujaisha, kodi inabaki 8,000 mpaka kesi iamuliwe. Baraza nalo litauliza maduka ya jirani yanalipa ngapi. Ndoto yako ya 20,000 haina nafasi pale.

Sasa chukua kalamu. Vyumba sita kwa 2,000 ni 12,000. Maduka mawili ni 16,000. Jumla 28,000 kwa mwezi, wote wakilipa, bila paa kuvuja wala choo kujaa. Mkopo wa milioni 3.5 kwa asilimia 15 miaka kumi unadai kama 56,400 kila mwezi. Zaidi ya 28,000 zitatoka kwenye mshahara wako wa bandarini, mwezi baada ya mwezi. Ndiyo karo ya hao wawili. Ndiyo unga. Bandu bandu huisha gogo.

Muuzaji anajua hesabu hii. Ameishi nayo, ndiyo maana anauza kwa bei inayokufurahisha.

Mama mkwe wako umemtaja kwa dharau. Mwanamke aliyepanga Majengo miaka mingi anajua nani ana kiwanja, nani yuko kortini na nani, na mwenye nyumba gani alijaribu kuwatoa watu akaishia barazani. Ungemwendea na kilo mbili za sukari ukamuuliza kwa adabu, ungeokoa laki tatu. Badala yake umemfanya mchawi wa ndoa yako.

Na hiyo nyumba ya Mtwapa. Umeandika "yangu", kisha papo hapo "tuliyojenga". Mkeo alikuwepo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema rehani ya nyumba ya ndoa haisimami bila ridhaa ya mwenzi, na iliwekwa kwa sababu wake wengi walikuwa wakiamka na kukuta dalali wa mnada mlangoni kwa deni wasilolijua. Kukataa kutia saini karatasi ambayo hajaonyeshwa msingi wake si ukaidi. Ameomba kitu kimoja tu, karatasi za kiwanja. Hata mimi nisingetia saini.

Waume wa siku hizi mnanisikitisha. Mnataka mke mwenye akili, msomi, mchangiaji, mnayejivunia mbele ya wenzenu, halafu akili hiyo ikishafanya kazi mnasema ametiwa maneno. Mume akishalipa arabuni ndipo anakuja nyumbani "kushauriana". Huko si kushauriana. Laki tatu za familia zimetoka na mwenzako akajua kwa meseji ya benki! Kununa kwake ni kwa hilo, mwanangu, hata kabla ya Majengo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kupangisha si vibaya, nakupongeza kwa nia. Kama kiwanja cha Mtwapa kina nafasi na hati ni yenu, jengeni vyumba viwili nyuma polepole, kwa akiba na chama, mkeo akishika daftari. Chumba kipya cha Mtwapa hakitashuka kuwa 2,500, na mpangaji ataingia kwa mkataba mlioandika wenyewe.

Leo jioni mwombe mkeo radhi kwa zile fedha, bila "lakini". Kesho mwende pamoja kwa wakili na karatasi yoyote uliyotia saini na muuzaji, mwone kama arabuni inarudi. Kama hukutia saini chochote itakuwa ngumu zaidi, ila muuzaji aandikiwe hata hivyo: atoe risiti za kodi ya ardhi, jina la mwenye kiwanja na ridhaa yake ya kuuza, au arudishe fedha. Barua hiyo mkeo aisome kabla haijatumwa.