Mkono usiokimbilia swichi: Wally Schirra kwa mafundi na marubani wanaoanza

Mgeni kazini hutaka aonekane anafanya kitu. Taa ikiwaka anabonyeza, mshale wa geji ukicheza anazungusha vali. Atakayetaka kuiacha tabia hiyo asome kazi ya Walter Schirra, rubani wa jeshi la majini la Marekani. Alikuwa mmoja wa wanaanga saba wa kwanza waliochaguliwa na NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1959, na katika hao ni yeye pekee aliyeruka kwa vyombo vya anga vya Mercury, Gemini na Apollo. Lakini usianze naye. Anza na mwenzake aliyemtangulia.

Chombo cha Mercury kiligeuzwa kwa nozeli za haidrojeni peroksaidi zilizolishwa na matangi mawili, moja la mfumo wa otomatiki na jingine la mfumo wa mkono. Katika moja ya namna za kukiendesha, ukisukuma usukani kidogo zilifyatuka nozeli za msukumo wa ratili 1. Ukiusukuma mbali zaidi, zile za ratili 24 nazo ziliingia kazini. Scott Carpenter, aliyeruka tarehe 24 Mei 1962, alikuwa na orodha ndefu ya majaribio na akawa anakigeuza chombo mara kwa mara. Kuna nyakati aliiacha mifumo yote miwili wazi kwa pamoja, matangi yote mawili yakatumika kwa kazi moja. Juu ya hayo, kifaa cha kupima upeo wa macho kilikuwa kinasoma vibaya. Alitua baharini takriban kilomita 400 mbele ya alipotarajiwa.

Tazameni jinsi kosa hilo lilivyochambuliwa, maana ripoti ya hitilafu huandikwa hivyo. Chombo kilikuwa kimepinda pembeni digrii 25 roketi za kurudi zilipowaka, na hilo peke yake lilileta karibu kilomita 280. Kuchelewa sekunde 3 kuziwasha kuliongeza kama 25. Roketi zenyewe zilisukuma pungufu kwa asilimia 3 hivi, zikaleta karibu 95 nyingine. Ukiandika tu kwamba rubani alikosea, fundi wa kesho hajui aanze kurekebisha wapi.

Schirra aliruka tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo. Chombo chake, Sigma 7, kiliongezwa swichi ya kuzifungia nje nozeli kubwa wakati rubani anaendesha kwa umeme. Kwa mizunguko sita, saa 9 na dakika 13, kazi isipohitaji chombo kielekee upande maalumu alikiacha kielee kinavyotaka. Alipohitaji kukigeuza, aligusa usukani kidogo kisha akangoja. Ulipofika wakati wa kurudi, matangi yote mawili yalikuwa na asilimia 78. Akatua kama kilomita 7 kutoka meli iliyomsubiri, Kearsarge. Hatua za kuiga ni chache: jua ni mfumo upi uko wazi sasa hivi, uzime kabla hujawasha mwingine, na ujiulize kama badiliko unalotaka kufanya linahitajika kweli.

Mapema katika safari hiyo vazi lake lilianza kupata joto kali, hadi waongozaji wa ardhini wakafikiria kumrudisha baada ya mzunguko mmoja. Kipoozeo kilifanya kazi kwa kuyafanya maji yawe mvuke. Ukifungua maji mengi kwa mkupuo yanaganda, njia ya mvuke inaziba na joto linazidi. Yaani dawa inageuka ugonjwa. Schirra alizungusha kitasa nusu alama, akasubiri, akasoma geji, akaongeza nusu nyingine. Kila kituo cha ardhini, cha Zanzibar kikiwemo, kilimsikia kwa dakika chache tu kila alipopita, kwa hiyo subira hiyo ilikuwa yake mwenyewe.

Mtihani mkubwa ulikuja tarehe 12 Desemba 1965. Yeye na Tom Stafford walikuwa juu ya roketi ya Titan II, karibu tani 150, katika Gemini 6A. Injini ziliwaka, zikazima baada ya sekunde 1.2 hivi. Saa ya chumba cha marubani ilikuwa imeshaanza kuhesabu, dalili kwamba roketi imenyanyuka. Kama ilinyanyuka kisha injini zikafa, ingeanguka na kulipuka, na kanuni iliwataka wavute pete ya viti vya kujirusha. Schirra hakuvuta. Mwili wake, uliokwisha kurushwa na roketi ya Atlas, haukuhisi kunyanyuka. Saa ilidanganywa na plagi ya umeme ya mkiani iliyochomoka kabla ya wakati. Hapa msielewe vibaya: hakuipuuza kanuni. Alikuwa na kipimo cha pili, na hicho kilikana alichosema cha kwanza.

Wengi husimulia kisa hicho wakaishia kwenye plagi. Wahandisi hawakuishia hapo. Waliposoma mchoro wa msukumo waliona injini moja ilikuwa imeanza kudhoofika kabla plagi haijachomoka. Wakafungua, wakakuta kifuniko cha plastiki cha kuzuia vumbi kimesahaulika ndani tangu injini ilipofanyiwa kazi kiwandani miezi kadhaa nyuma. Ukipata hitilafu ya kwanza usifunge kitabu, na kila kifuniko unachokiweka kiandikwe jina la atakayekitoa. Tarehe 15 waliruka, wakaifikia Gemini 7, chombo kingine kilichokuwa tayari angani, na kuisogelea hadi kama sentimita 30.

Apollo 7, Oktoba 1968, iliruka siku karibu 11, na injini yake kuu ikawaka mara zote 8 ilivyotakiwa. Ila Schirra alipata mafua, na kule kusikohisiwa uzito kamasi haishuki. Alikataa kuvaa helmeti wakati wa kurudi, kwa kuwa asingeweza kubana pua na kupuliza kulinda masikio. Hoja hiyo ilikuwa ya kiufundi. Lakini alikuwa amekwishagombana na ardhini kuhusu matangazo ya televisheni na ratiba, kwa hiyo hata hoja nzuri ilisikika kama ubishi mwingine. Yeye alikuwa amekwisha kutangaza kwamba anastaafu. Donn Eisele na Walter Cunningham, waliokuwa wameketi pembeni yake katika safari yao ya kwanza, hawakupangiwa nyingine.