Siku ya kusi Jambiani: jibu kwa mwalimu anayehamia kutoka Tabora

Ndugu mwalimu, umesema umepangiwa kazi Jambiani, hujawahi kuishi pwani, na umeambiwa kwamba siku ya upepo mkali kijiji kizima hulala na watoto hawaji shule. Mimi nimezaliwa na kukulia hapo, mama yangu analima mwani na marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa ngalawa, hivyo nitakujibu kwa ninayoyajua. Kijiji hakilali. Upepo huiondoa kazi mahali pamoja na kuipeleka pengine, na ukitaka kuielewa siku hiyo, usiutazame upepo peke yake, utazame pamoja na maji.

Ukifika mwezi wa Julai utakuta kusi, yaani upepo wa kusini-mashariki, limeshika. Huanza mnamo Aprili, hupata nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti, na sisi wa upande wa mashariki wa Unguja hutujia moja kwa moja kutoka baharini, tofauti na wenzetu wa mjini ambao wamekingwa na kisiwa chenyewe. Alfajiri mara nyingi huwa umepungua. Jua likishapanda na ardhi ikapata joto, kuanzia saa nne hivi, huongezeka mpaka ukasikia makuti ya minazi yakipigana mchana kutwa. Mbele ya kijiji kuna eneo pana la maji machache, na nje yake kuna mwamba unaovunja mawimbi ya bahari kuu. Mgeni akisimama ufukweni huona maji yamechafuka kidogo tu, akashangaa kwa nini ngalawa zimefungwa. Hatari haiko pale anapotazama. Iko kwenye mlango, yaani upenyo wa mwamba ambamo vyombo hutokea. Maji yakiwa yanakupwa hutoka kwa kasi katika mlango ule, na yanapokutana na upepo unaovuma kuja nchi kavu, mawimbi husimama na kukaribiana kiasi kwamba chombo chembamba chenye tanga hakipati nafasi ya kugeuka. Ndiyo maana mvuvi mzoefu hutoka usiku upepo ukiwa umelegea, na ndiyo maana baba yangu hakuwahi kuniruhusu kwenda naye siku za kusi kali, hata nilipokuwa mkubwa wa kutosha kushika kasia.

Ambao hawakutoka utawakuta chini ya mabanda wakishona nyavu, wakisuka madema, yaani mitego ya samaki, na kurekebisha matanga, na kazi hiyo ni ya lazima kama uvuvi wenyewe. Kinachopungua ni kitoweo. Hata pweza, ambaye kina mama humtafuta kwa miguu juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa, huwa mgumu kupatikana, kwa sababu vijiwimbi vidogo vya upepo huficha tundu lake. Bei ya samaki hupanda, na majumbani watu hurudi kwenye ng'onda (samaki waliokaushwa), dagaa wakavu na muhogo wa nazi.

Sasa nije kwenye mwani, kwa kuwa hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la watoto. Kilimo hiki kilianza kwetu na kwa majirani zetu wa Paje mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Hawashuki shambani kila siku. Hushuka siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ambapo maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kuchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku inayofuata. Utaona basi kwamba saa ya kushuka shambani ndiyo saa ambayo upepo nao unaongezeka. Mawimbi hung'oa vijiti, hukata kamba na kuubeba mwani uliokwisha kukua, na asiyewahi kuufuata hupoteza kazi ya wiki kadhaa. Siku hiyo mama huhitaji mikono zaidi: mmoja akaze vijiti, mwingine aokote uliokatika kabla haujafukiwa na mchanga, mwingine ausimamie unaokaushwa, kwa maana upepo huukausha upesi lakini huujaza mchanga usipoanikwa juu ya chanja, na mwani wenye mchanga mnunuzi huukataa. Mikono hiyo aghalabu ni ya binti anayetakiwa kuwa darasani kwako. Nakuomba kwa dhati, kabla hujamwandika mtoro, utazame kalenda ya mwezi. Ukikuta viti vitupu wakati wa bamvua, zungumza na mama yake jioni. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapwi sana, upepo unaweza kuvuma vikali zaidi na darasa likajaa. Mimi mwenyewe nilibaki shuleni kwa sababu mwalimu wangu alikubaliana na mama kwamba nisaidie baada ya masomo, na mpaka leo namshukuru.

Nyumbani kwako zingatia mambo machache. Usikae wala kuegesha baiskeli chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa. Ukipangishwa nyumba ya makuti, omba paa likaguliwe kabla hujaingia, kwani upepo huanzia kwenye kuti moja lililolegea. Jiko la kuni lisiwashwe upande unaopigwa na upepo: cheche moja ikifika kwenye paa la jirani, nyumba kadhaa zinaweza kuteketea kabla maji hayajachotwa, na majirani watakukemea bila kuona haya kwa kuwa mgeni, nao watakuwa na haki.

Mwisho ni safari yako ya kuvuka kutoka Dar es Salaam. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo kunapotarajiwa upepo mkali na mawimbi makubwa, na wapo wanaolipuuza kwa kuwa boti za siku hizi ni kubwa. Meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katika msimu huu huu, na watu wengi walipoteza maisha. Chagua boti ya asubuhi, na ukisikia angalizo, ahirisha hata kama tiketi umeshaikata, kisha mpigie simu mwalimu mkuu umweleze kuwa unasubiri upepo upungue.