Mwalimu, "set" ni kuweka au ni kitu gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni saidia fundi, tunajenga huku Mtumba. Juzi msimamizi wetu, mgeni asiyejua Kiswahili, alininyooshea kidole zege tulilomwaga asubuhi, akasema, "Let it set." Kamusi yangu ndogo inasema "set" ni kuweka. Basi nikaweka: nikapanga matofali juu yake. Yakatitia, nikafokewa mbele ya wenzangu. Nilikosea wapi?
Saidia fundi, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole. Kamusi hiyo imekupa punje moja ya gunia zima. Ulichoambiwa ni hiki: liache lishike.

Nimefundisha Kiingereza miaka 26, Kongwa na baadaye hapa mjini, na neno hili limewatesa wanafunzi wangu wengi. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, hakuna neno lililoelezwa kwa urefu kuliko "set". Usijaribu kukariri. Tazama nani anatenda.

Sisi tuna kaa na kalisha. Kiingereza nacho kina "sit" na "set", na tangu zamani "set" ni kukalisha. Mtu akikalisha kitu mahali pake, wao husema "set" tu, wakati sisi kila kazi tumeipa kitenzi chake: mtego tunautega, mtihani tunautunga, meza tunaiandaa, mfupa uliovunjika tunauunga. Dada wa saluni anayeseti nywele yumo humo humo.

Lakini msimamizi hakukutuma wewe ufanye kitu. Zege lenyewe ndilo la kutenda, kama jua linavyozama lenyewe, ambako pia ni "set". Na kushika si kukauka! Hapo nisikilize vizuri, maana jua na upepo wa Dodoma hudanganya. Saruji hushika kwa kuungana na maji, ndiyo sababu zege humwagiwa maji siku kadhaa. Likikaushwa haraka, hupasuka.

Seti ya masofa iache kando. Hiyo ina ukoo mwingine, Kifaransa cha kale kutoka Kilatini "secta", ingawa siku hizi yanaandikwa sawasawa.

Kesho, kabla hujakanyaga, muulize: "Has it set?" Neno halibadiliki hata kwa jambo lililokwisha kutendeka, kwa hiyo litamke hivyohivyo.