Mdomo Unaotafuna Bila Chakula: Msimwongezee Benzheksoli

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 64. Anatumia haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, mwaka wa 9 sasa, na tangu mwanzo alipewa pia benzheksoli ya kuzuia madhara yake. Tangu mwaka jana mdomo wake unatafuna muda wote hata kama hana kitu, na ulimi hutoka nje wenyewe. Siku hizi pia anasahau sana. Muuzaji wa duka la dawa ametushauri tumwongezee benzheksoli, kutoka kidonge kimoja hadi vitatu. Tufanye hivyo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Msimwongezee hata nusu kidonge. Kwa tatizo hili la mama, benzheksoli haitibu; huchochea.

Najua imani hii inatoka wapi. Haloperidoli huzuia dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, kufanya kazi kwenye ubongo, na siku chache tu baada ya kuianza shingo ya mtu inaweza kupinda, macho yakageukia juu, taya likakaza, ndugu wakasema amepandwa na jini. Anachomwa sindano moja ya dawa za kundi la benzheksoli, na baada ya muda mfupi anaongea. Wengine, wiki kadhaa baadaye, huanza kutetemeka mikono na kuburuza miguu kama mgonjwa wa Parkinson. Hapo pia benzheksoli husaidia, kwa kuwa inapunguza nguvu ya asetilikolini, kemikali nyingine ya ubongo ambayo huzidi nguvu pale dopamini inapozuiwa. Aliyeshuhudia hayo huona kila kinachochezacheza mwilini dawa yake ni hiyohiyo.

Sivyo. Mdomo wa kutafuna huja baada ya miezi au miaka ya dawa, na chanzo chake ni kinyume: ubongo uliozuiliwa dopamini muda mrefu huwa mwepesi mno kuiitikia. Ukipunguza asetilikolini, dopamini inapata nafasi zaidi na mdomo unazidi kucheza. Na kwa kuwa asetilikolini hiyohiyo ndiyo ubongo unaitumia kuhifadhi kumbukumbu, kabla ya kusema mama anazeeka, itazameni kwanza benzheksoli. Mwulizeni pia kuhusu choo kigumu na mkojo unaokataa kutoka, maana navyo huletwa na dawa hii.

Shirika la Afya Duniani linashauri dawa hizi zisitolewe kama kinga kwa kila anayeanza haloperidoli, na anayepewa asikae nazo muda mrefu bila sababu. Lakini kila wiki napokea wagonjwa waliozimeza miaka na miaka kwa cheti kilekile, dukani wakiongezewa na mtu ambaye hajawahi kuwaona wakitembea. Inaniuma, kwa sababu mdomo ukishazoea kucheza, mara nyingine hautulii tena.

Mrudisheni mama kliniki ya afya ya akili na pakiti zote mkononi. Benzheksoli hupunguzwa taratibu kwa wiki kadhaa. Ikikatwa ghafla huleta kichefuchefu, jasho na kukosa usingizi. Haloperidoli msiiguse wenyewe, maana ugonjwa wa awali unaweza kurudi na mdomo ukazidi kwa muda. Daktari anaweza kupunguza dozi, au kumhamishia dawa nyingine za ugonjwa wa akili, kwetiapini au klozapini; hiyo klozapini hutaka damu ipimwe mara kwa mara kuangalia chembe nyeupe.

Na nyinyi mnaowapelekea wazee wenu wanaotetemeka dawa ya mnanaha, mkiambiwa ni mti tu: majani na mbegu zake zina atropini na hayosini, ndugu wa benzheksoli. Karne ya 19 huko Paris, daktari wa mishipa ya fahamu Charcot aliwapa wagonjwa wa Parkinson dawa za jamii hiyo, lakini kwa vipimo. Anayekutwangia mbegu hajui ndani ya kijiko mna kiasi gani, kwa kuwa mmea na mmea hutofautiana. Vijana wanaomeza benzheksoli vijiweni ili walewe wako kwenye hatari ileile. Mkiona ngozi imekauka na kuchemka, mboni zimetanuka, mkojo umeziba na mtu anadaka hewani vitu visivyokuwepo, hiyo ni sumu. Hospitali usiku huohuo, na mbegu au vidonge vilivyobaki mvibebe.