Ucheshi wa tashtiti: mpe mpumbavu hoja, kisha msimulizi asicheke

Aliyeuliza kwa nini hadithi yake fupi ya tashtiti (yaani inayokosoa jamii kwa dhihaka) ina kichekesho kila aya na bado wasomaji hawacheki: mara nyingi vichekesho huwa vimebandikwa juu ya kisa, havikuzaliwa nacho.

Anza na mhusika mwenye hoja. Mpumbavu wa tashtiti hajioni mpumbavu. Ana sababu zake na anazifuata hadi mwisho. Tuseme paa la ofisi linavuja. Mkubwa anaagiza ndoo badala ya kuita fundi. Ndoo zinaongezeka, anateuliwa msimamizi wa ndoo, naye anaomba msaidizi na bajeti. Fundi anapoziba paa kwa hiari yake, anashtakiwa kwa kuhujumu idara ya ndoo. Kila hatua imeletwa na iliyotangulia. Ukirukia mashtaka moja kwa moja, msomaji ataona uzushi tu. Chuku, yaani kutia chumvi, hupanda ngazi kwa ngazi. Hatua tatu au nne zinatosha, kwa sababu baada ya hapo msomaji ameshakutangulia.

Lugha ya msimulizi ndiyo inayowashinda wengi. Aandike habari za ndoo kama anaandika ripoti: idadi, ujazo, tarehe ya ukaguzi. Mwandishi wa Ireland Jonathan Swift, katika makala yake ya kejeli ya 1729 inayopendekeza watoto wa maskini wa Ireland waliwe, anapiga hesabu kwa utulivu kabisa: kati ya watoto 120,000, 20,000 wabakizwe kwa ajili ya kuzaliana. Utulivu huo ndio unaochoma. Kwa hiyo futa “eti”, futa “cha kuchekesha ni kwamba”, futa alama za mshangao. Zote zinamwamuru msomaji acheke, naye hakubali kuamriwa.

Marudio nayo yana kazi. Katika “Kinyonga” (1884), hadithi fupi ya Mrusi Anton Chekhov, inspekta Ochumelov anabadilisha hukumu kuhusu mbwa aliyemng'ata mtu kila anaposikia kwamba mbwa ni wa jenerali, au si wake. Tazama koti lake: mara anataka avuliwe kwa sababu ya joto, mara avishwe kwa sababu ya baridi. Hofu haitajwi, koti limeshaisema. Tafuta kitu kimoja cha namna hiyo, na kila kinaporudi kiwe na sababu mpya, la sivyo kitachosha.

Majina ya kimajazi, yaani yanayotaja tabia ya mhusika, yatumie kwa uchache. “Bwana Mlarushwa” anamaliza hadithi kabla haijaanza.

Angalia pia mpangilio wa sentensi. “Anashtakiwa kwa kuhujumu idara ya ndoo” inachekesha kwa sababu ndoo imekuja mwisho. “Idara ya ndoo imehujumiwa na fundi” imepoa.

Na kicheko kimwangukie mwenye madaraka. Mfagizi anayemwaga maji ya ndoo kila asubuhi usimfanye kituko. Mpe yeye sentensi moja fupi ya ukweli, na wakubwa wasiisikie. Mwishoni mkubwa asifukuzwe kazi, apandishwe cheo. Kama baada ya hapo umeandika aya ya kueleza funzo, ikate.