Gari la Kulalia Safarini: Huku Pwani Anza na Uzito

Watu wa Malindi wakiniona nimefungua mlango wa nyuma na godoro limetandikwa ndani ya gari, huuliza bei kwanza, kisha huuliza kama nina friji. Suala la uzito huulizwa kwa nadra, na hilo ndilo linaloamua kama utafika unakokwenda au utashinda juani ukichimba mchanga. Kwa hiyo nalianza hapo.

Ardhi yetu huku haina milima mikali. Tuna mchanga, udongo wa tope na chumvi, na viwili vya kwanza vinalionea gari zito. Mimi natumia Prado ya dizeli inayovuta kwa magurudumu yote manne. Ikiwa tupu tu ina kama tani mbili. Ongeza hema la paani, kitanda cha mbao ngumu, betri ya pili, mtungi wa gesi na maji, ndipo utaona springi zinavyolala. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mitungi mitatu ya lita 20 ni kilo 60. Maji siwezi kuyapunguza, maana kwa joto hili nahesabu lita tano kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia peke yake. Kinachopunguzwa ni vingine. Mwambie seremala atumie plaiwudi badala ya mbao nzito, na kitanda kiwe na nafasi chini ya kupanga vitu. Mizigo mizito iwe sakafuni, karibu na katikati ya gari. Hema la paani silipendi: linapandisha uzito juu, na njia ikiinama upande mmoja gari zima linayumba.

Kwenye kununua nitasema machache. Sheria ya Kenya hairuhusu kuagiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, ndiyo maana wengi wetu hununua ambalo tayari limetembea hapa nchini. Tafuta lililokaa bara. Gari lililoishi ufukweni linaweza kung'aa rangi huku chasisi imeliwa na kutu. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji, aingie chini na tochi na agongegonge.

Sasa mchanga. Ukivuka daraja la Sabaki kwenda Mamburui au Marafa, njia za pembeni zina sehemu laini ambazo gari la kawaida halipiti. Dawa yake ni upepo wa tairi. Kwenye lami mimi natembea na psi 35, na nikiingia mchanga laini nashusha hadi psi 18. Tairi hulala, likagusa ardhi kwa urefu zaidi, na gari likapita juu ya mchanga bila kuzama. Weka gea nzito kabla hujaingia, nenda mwendo mmoja, usikate kona kwa ghafla. Gari likianza kukaa, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo. Vijana wengi hukanyaga zaidi, na kila mzunguko wa tairi unachimba shimo refu zaidi, hadi tumbo la gari linakaa juu ya mchanga. Chimba mbele na nyuma ya matairi kwa sepetu, kisha rudi kinyumenyume kwenye alama zako mwenyewe, kwa sababu hapo mchanga umeshashindiliwa. Asubuhi mchanga ungali na umande na hushikana, kwa hiyo mambo magumu yafanye mapema. Na usirudi lamini bila kujaza upepo: tairi lililolegea likienda kasi hupata moto na kupasuka. Pampu ndogo inayotumia betri ya gari ni kitu cha kununua kabla ya friji.

Ufukweni penyewe nakuomba usiendeshe. Kasa hupanda kutaga kwenye fukwe hizi za Watamu na Malindi, na mayai hukaa mchangani kama miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Gari likipita juu yake hakuna atakayejua kilichopotea. Vilima vya mchanga vya Mamburui navyo vinashikiliwa na mimea yake, ukiikanyaga vinahama. Egesha mbali, panda kwa miguu, utafurahi vilevile.

Hata usipogusa bahari, chumvi iko hewani. Nikirudi safarini naosha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi, kwenye springi, ndani ya matao ya magurudumu na juu ya chasisi. Breki na vichwa vya betri nakagua pia.

Msimu nao una neno kubwa. Masika, kuanzia Aprili hadi Juni, siendi mbali na lami. Arabuko-Sokoke utaliona hili vizuri: ndani ya msitu kuna sehemu za mchanga mweupe penye miti ya mrihi, na ukielekea magharibi udongo unageuka mwekundu, unaoteleza mvua ikinyesha. Udongo mweusi wa delta ya Tana ni mbaya zaidi, unaganda kwenye tairi hadi linakosa meno.

Kulala ndani ya bati huku pwani bila hewa ni mateso. Shona wavu wa mbu kwenye madirisha na mlango wa nyuma, kisha egesha ukielekeza mlango unakotoka upepo: kusini wakati wa kusi, kaskazini-mashariki wakati wa kaskazi. Kupika ni nje. Jiko la mkaa lisiingie garini hata likiwa linazimika, maana hewa yake inaua watu usingizini.

Mahali pa kulala panaombwa. Vijiji vya eneo la Magarini, kaskazini mwa Malindi, vina wenyewe hata unapoona pori tupu. Mimi hupiga hodi nyumba ya kwanza, namsalimu mzee, naeleza ninakotoka na naomba nielekezwe. Mara nyingi napewa mahali pazuri kuliko nilipopaona, pamoja na habari za njia. Marafa jamii yenyewe ndiyo inayotoza kiingilio cha bonde la Nyari, lile korongo liitwalo pia Hell's Kitchen; lipa bila kuvutana, na ukae hadi jua linapoelekea kuzama, kuta zake zinapowaka wekundu.

Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Malindi. Malipo ni kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali; hawapokei pesa taslimu, kwa hiyo lipia ukiwa bado na mtandao. Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Jaza mafuta Malindi, beba tairi la akiba lenye upepo kamili, na ndani ya hifadhi lala kwenye kambi zilizotengwa tu.

Ukitamani Lamu, ulizia polisi hali ya usalama kabla ya kupita Garsen, na usafiri mchana. Gari linaishia Mokowe. Tafuta pa kuegesha penye mlinzi, funga gesi, toa vyakula vyote vinavyooza, chomoa waya wa betri ya pili, kisha panda boti.